Magunia Arobaini ya Sajini Yekosofati

Mlango wa nyumba ya Wanyange ulikuwa mrefu kupita kiasi. Fundi alisema hivyo, nami nilisema hivyo, na hata mwenye nyumba, Sajini Yekosofati Bogere, aliona hivyo, maana yeye mwenyewe si mtu mrefu. Lakini aliyeuagiza ni mkewe, Gorreti, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana naye juu ya mlango.

Asiyejua maisha ya askari jela wa Uganda itabidi aelezwe. Miaka kumi na minane Gorreti alikaa kwenye laini za gereza, Jinja, ndani ya kibanda cha bati cha duara ambacho watu hukiita mama-ingia-pole. Jina limetokana na mlango wake mfupi. Mwanamke akirudi na ndoo kichwani, lazima aitue kwanza, ainame, ndipo aingie. Gorreti alimzaa binti yake Ritah humo, akaugua malaria humo, akapika humo mvua ikinyesha hadi macho yakamvimba kwa moshi. Mimi, Namwase, nilikuwa askari wa kike na jirani yake, na kwa miaka yote hiyo nilimwona akiinama. Aliniambia mara nyingi, "Dada, siku nikipata nyumba yangu, nitaingia nikiwa nimesimama."

Mwaka wa 1992 serikali ilipunguza watumishi, na Sajini akawa mmoja wao. Wengine walilia. Yeye alipokea kiinua mgongo chake, akanunua kiwanja Wanyange, nje kidogo ya Jinja, mahali ambapo ziwa linaonekana chini na upepo hauna shida, akasimamisha kuta. Mlango wa mvule ukaja kabla ya paa. Ukikaa kidogo ulimwona Gorreti anaingia na kutoka kwenye nyumba isiyo na bati, bila sababu yoyote, shingo imenyooka.

Yekosofati alikuwa mtu mwema, na nalisema hilo mapema kwa kuwa nitamsema vibaya hadi mwisho. Hakupiga wafungwa. Hakunywa. Kosa lake ni kwamba tangu ujana wake alikuwa akisema "fungua" na kunafunguliwa, akisema "hesabu" na watu wanajipanga. Alidhani dunia yote iko hivyo, kwamba neno likishatolewa, kazi imekwisha. Maishani mwake hakuwahi kuuza hata karanga. Gorreti aliyeuza mukene, dagaa wa ziwani, mbele ya geti la gereza alijua biashara kuliko yeye, lakini nani humwuliza mwuza mukene.

Shemeji yake, Geresom Mafabi, alikuwa mwalimu Mbale, akikaa Nabuyonga. Huyo ni mdogo wake Gorreti. Wao ni Wagisu wa mlimani. Mafabi ndiye aliyempeleka Sajini dukani kwa Adrisi, mnunuzi wa kahawa karibu na msikiti. Wakati huo mtu yeyote mwenye mizani aliruhusiwa kununua kahawa, na Mbale ilijaa wenye mizani. Adrisi alikuwa na tatizo moja. Alikuwa ameahidi kampuni ya Kampala kwamba atawapa kahawa mwisho wa mwaka kwa bei waliyokwisha kukubaliana, na aliogopa bei isije ikampandia kabla hajainunua.

Basi akamwambia Sajini hivi. "Mimi nakupa pesa leo. Hii pesa ni yako, hairudi. Wewe unanipa neno moja tu, kwamba mwezi wa kumi na moja, mimi nikitaka, unaniuzia magunia kumi kwa bei ya leo. Nikitaka nachukua. Nisipotaka naacha, na wewe unabaki na pesa yako."

Sajini aliuliza, "Na wewe ukiacha, mimi nadaiwa nini?"

"Hudaiwi kitu, afande."

Hapo ndipo alipoacha kuuliza. Swali la pili, yaani Adrisi akitaka na kahawa haipo itakuwaje, halikumjia. Mwaka ule wa 1993 bei ilishuka wakati wa mavuno, kama ilivyokuwa ikishuka kila mwaka. Adrisi akanunua kahawa yake sokoni kwa bei rahisi, akamwacha Sajini na pesa yake na neno lake. Pesa hiyo ikawa bati. Nyumba ya Wanyange ikaezekwa na Gorreti akahamia, na siku ya kuhamia aliingia na sanduku kichwani, mlango ukabaki na nafasi juu yake. Alicheka mwenyewe kama mtoto. Nilifurahi sana siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Tatizo ni kwamba Sajini naye alifurahi. Akaanza kutembea na mkono mfukoni. Alinieleza habari ile kama aliyegundua mshahara mpya. "Namwase, hii pesa sikulima, sikubeba. Nimekaa tu, imekuja."

"Na bei ikipanda?"

"Kahawa ikiiva bei inashuka. Wewe umeona mwaka gani imepanda?"

Sikuwa nimeona. Mimi ni Msoga wa Jinja, kahawa naijua ndani ya kikombe. Lakini nilikasirika, kwa sababu mtu anayekujibu swali kwa swali hajafikiri. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nitastaafu nikiwa maskini. Tukanywa chai.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1994, mibuni mlimani ikiwa imetoa maua, Sajini alipanda tena Mbale na kumpa Adrisi neno la magunia arobaini. Pesa ya mkononi ilikuwa nzuri, nzuri mno. Lakini kwa magunia arobaini Adrisi alitaka kitu cha kushika, na Sajini hakuwa na kitu kingine ila nyumba. Wakaiweka rehani mbele ya mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji la Wanyange, na Gorreti akatia sahihi chini ya jina la mumewe. Nilimwuliza kwa nini alikubali. Akainua kidole akanionyesha paa. Lilikuwa limetoka kwenye mfuko huohuo, angekataa kwa maneno gani?

Niseme haki: safari hii Sajini alijaribu kujikinga. Alikuwa amewaza, japo kidogo. Mama mkwe wake, anayeitwa Mama Mafabi kwa jina la mwanawe, ana shamba zuri la kahawa mlimani, na majirani zake ni ndugu. Sajini akachukua sehemu ya pesa ya Adrisi aitume huko, kama malipo ya mwanzo ya kahawa ile ingali maua. Kahawa ikiiva, angeichukua kwa bei ya mwezi wa tatu, na Adrisi akiitaka, ipo. Kwenye karatasi ya kichwa chake mambo yalikuwa yamekaa sawasawa.

Lakini mtu hawezi kwenda kununua kitu kwa mama mkwe. Kwa Wagisu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na habari zao hupitia kwa mtu wa kati. Sajini, aliyekuwa Msoga lakini ameoa huko, alishika desturi hiyo kuliko Wagisu wenyewe. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona yule mama zaidi ya kitambaa cha kichwani kikipotea nyuma ya nyumba. Kwa hiyo pesa akampa Mafabi, akamwambia ampelekee mama yake na kumweleza ni ya kahawa.

Baada ya wiki chache akaja jogoo mkubwa mwekundu kutoka mlimani, pamoja na mkungu wa ndizi na shukrani nyingi. Sajini alinionyesha yule jogoo akiwa amefungwa miguu kwenye nguzo ya baraza.

"Mama amekubali," alisema.

Tulimla Jumapili. Alikuwa mtamu.

Mwezi wa saba redio ilisema kuna baridi kali Brazil na mibuni imeungua. Sajini alicheka, alitaka kujua baridi ya watu wa mbali inahusu nini Wanyange. Kwa muda mfupi bei ya Mbale ilipanda hadi mara mbili ya ile aliyompa Adrisi, na bado ilikuwa inakwenda. Malori ya Kampala yakaanza kupanda mlimani yenyewe, yasisubiri kahawa ishuke.

Adrisi hakuwa mtu mbaya. Wengi wangependa nimfanye mwizi, hadithi ingekuwa nyepesi. Alishuka mwenyewe hadi Wanyange mwishoni mwa mwezi ule, akakaa barazani, akakataa soda.

"Afande, wewe iko na hizo magunia?"

"Iko mlimani. Bado kuiva."

"Kama haiko, sema sasa. Unilipe kitu kidogo leo, tuvunje ile neno, kila mtu aende kwake. Ukingoja itakuwa mubaya."

Alitaja kiasi. Kilikuwa kikubwa, zaidi ya alichompa mwezi wa tatu, lakini Sajini angekipata: kulikuwa na baki ya kiinua mgongo, na ng'ombe wawili kwao Bugabula. Gorreti alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Baba Ritah, lipa." Mbele ya mgeni, jambo ambalo hakulizoea.

"Nilipe kuvunja, na kahawa niko nayo?" Sajini akamgeukia Adrisi. "Bei itashuka. Wewe mwenyewe unajua itashuka."

"Inaweza," alisema Adrisi, akavaa viatu.

Mwezi wa nane ulikuwa wa tohara. Miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo miaka ya imbalu huko mlimani, vijana hutahiriwa, na mwaka ule ilikuwa zamu ya mdogo wa mwisho wa Gorreti. Tulikwenda wanawake wawili, mimi na yeye. Sajini alibaki nyumbani, akatupa kazi moja: tuiangalie kahawa kwa macho yetu, tuulize kwa adabu itakuwa tayari lini.

Nilicheza ngoma nikachoka. Pombe ya ulezi ilikuwa nyingi na mbuzi walikuwa wengi, nikamwambia Gorreti kwamba mama yake si mtu mdogo. Kisha mzee mmoja wa ukoo akasimama kutaja waliochangia. Sikijui Kigisu vizuri, Gorreti alikuwa akinitafsiria sikioni. Huyu katoa mbuzi, huyu ulezi, huyu shati la kijana. Halafu nikasikia "Jinja", na watu wakapiga vigelegele, wanawake wakaja kumshika Gorreti mikono.

"Anasema nini?"

"Anasema mkwe wao Sajini ametoa kuliko wakwe wote. Amepeleka pesa tangu mwezi wa tatu, kabla hajaombwa. Anasema mbuzi hawa ni wa Sajini."

Nilitazama wale mbuzi, au niseme mifupa yao, nikamwambia Gorreti tumtafute mama yake.

Mama yake tulimpata nyuma ya jiko. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, amejaa unga wa ulezi hadi kwenye nyusi. Gorreti alipomwuliza juu ya kahawa alicheka, akidhani anataniwa. Mkwe kununua kahawa ya mama mkwe? Hilo lilifanyika wapi? Pesa ya mkwe ikipanda mlimani mwaka wa imbalu ni ya imbalu, ingekuwa ya nini tena? Alishukuru, akatuma jogoo wake bora. Kahawa alikuwa ameiuza ingali mtini kwa watu wa lori, wiki mbili kabla ya sherehe, na majirani pia.

"Sasa angejua?" nilimwuliza Gorreti. "Mwulize. Angejua ni biashara, angemwekea?"

Gorreti aliuliza. Mama yake alifikiri kwa uaminifu kabisa, akifuta mikono kwenye kitenge. Jibu nilitafsiriwa hivi: "Lori lilitoa mara mbili. Nina kijana wa kutahiri. Sijui, mwanangu. Nadhani ningeuza, halafu ningeona aibu."

Basi hata kinga ile ingefika salama isingekinga kitu. Nilimpenda yule mama kwa kusema hivyo, na nilitaka kulia.

Mafabi tulimkuta kwake Nabuyonga siku iliyofuata, akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilimvamia kwa maneno kabla sijakaa. Aliyavumilia yote, kisha akanijibu kwa upole wa mtu anayejua yuko upande wa haki.

"Dada Namwase, mimi ningesema nini? Nipande kule nimwambie mama, mukwe wako anakupimia kahawa kama hawa watu ya lori? Ningemuvunjia heshima. Nilisema tu, mukwe ametuma pesa. Nilimusaidia."

"Na yeye umemwambia?"

"Aliuliza kama pesa ilifika. Ilifika."

Kila mtu katika njia ile alikuwa amefanya adabu, na adabu yote ilikuwa imelala juu ya nyumba ya Gorreti.

Tulipofika Wanyange, Gorreti alimweleza mumewe kila kitu wima, bila kukaa. Sajini akavaa sare yake ya zamani isiyo na vyeo, sijui kwa nini, akaenda Mbale. Alikusudia kupanda mlimani akaongee na mama mkwe ana kwa ana. Alifika Nabuyonga, akasimama nje kwa Mafabi akitazama mlima, akashindwa. Mtu aliyewahi kuzima fujo ya wafungwa kwa neno moja tu alishindwa na kikongwe wa kilo hamsini. Badala yake akaenda kwa Adrisi, akasema sasa yuko tayari kulipa kile kiasi wavunje lile neno.

"Ile ilikuwa ya mwezi wa saba, afande," alisema Adrisi. Bei ilikuwa imekwisha kupanda tena. Kiasi kipya hakikuweza kutoka kwenye kiinua mgongo wala kwenye ng'ombe.

Akaamua kungoja ishuke. Kila asubuhi aliitegea redio sikio. Ilishuka kidogo, mara moja, akala vizuri siku hiyo. Kisha mwezi wa kumi na moja ukaingia, na Adrisi akaja na lori tupu, kama alivyokuwa na haki ya kufanya.

"Nimekuja kwa magunia yangu."

"Haiko."

"Basi nunua sokoni unipe. Mimi nalipa bei yetu."

Hapo Sajini alipandisha sauti, mara ya kwanza na ya mwisho niliyoisikia. Alisema huo ni unyang'anyi, kwamba alipewa pesa kidogo na sasa anadaiwa nyumba. Adrisi alimwacha amalize.

"Mwaka jana nilikupa pesa, bei ikashuka, ile pesa yangu ikapotea. Nilikuja hapa kulia?"

"Hapana."

"Mimi nilijua mapema ninapoteza ngapi, haiwezi kuzidi. Wewe ulijua unapoteza ngapi?"

Sajini alikaa kwenye ngazi. Nadhani ndiyo saa alipolielewa lile swali la pili, zaidi ya mwaka mzima baada ya wakati wake. Alikuwa amechukua pesa ndogo inayojulikana, akatoa ahadi isiyo na mwisho, na kwa kuwa mara ya kwanza ahadi haikudaiwa alidhani haina uzito. Mimi nilikuwa na hasira naye mpaka nilipomwona ameinamisha kichwa. Hapo hasira ikaniishia, nikabaki na huruma ambayo haikumsaidia mtu.

Ng'ombe walikwenda, na baki ya kiinua mgongo ikaenda, na pengo lililobaki likajazwa na nyumba. Adrisi aliiuza kwa mfanyabiashara wa samaki ambaye hakutaka hata kuingia ndani kuitazama. Alitaka kiwanja na kuta, angebadilisha yaliyobaki. Ndipo Gorreti alipozungumza. Aliomba mlango.

"Mlango tu?" Adrisi aliuliza.

"Na fremu yake, kama itatoka."

Fremu haikutoka. Mlango ulitoka, ukapakiwa juu ya lori lilelile tupu la kahawa, na wao wawili wakakaa mbele na dereva hadi Mbale.

Walikodi kipande cha shamba mlimani, ng'ambo ya kijito kutoka kwa mama yake. Mwanamume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa, na Sajini alichekwa. Kuna njia moja ya kuteka maji, kwa hiyo yeye na mama mkwe wamegawana saa: mama asubuhi, mkwe jioni. Kahawa anaijua sasa, ya kwake na ya mashamba anakofanya kibarua. Wanunuzi huja mwezi wa tatu na pesa mkononi, maua yakitoka, wanataka neno. Yeye huwaambia warudi ikiwa ndani ya gunia. Wanamwona mzee mwenye kichwa kigumu.

Niliwatembelea mwaka wa 1997, nikiwa nimestaafu, na wala si maskini kama alivyotabiri. Nyumba yao ni ya udongo, ndogo, na Sajini aliijenga mwenyewe kwa miti aliyoweza kuipata. Ule mlango haukuingia. Wameulaza juu ya mawe uani, jua linapopiga vizuri, na juu yake Gorreti alikuwa akigeuza kahawa iliyooshwa kwa kiganja, punje kwa punje, akitupa mbovu. Mvule haujapinda hata kidogo. Nilimsifia ile kazi ya fundi.

"Ndiyo," alisema, "kahawa inakauka vizuri hapa."

Kisha akafuta mikono, akasema nimesafiri mbali na lazima nina kiu. Akaenda mlangoni, akainama, akaingia kuniletea chai.